Baraza ya Yaso

Alhamisi hiyo asubuhi Tharshika alikuwa akifagia mbele ya nyumba, mara ufagio wa chelewa ukazama ukutani. Haukugonga wala haukukwaruza. Chelewa kadhaa ziliingia pale ukuta unapokutana na baraza, upande wa kulia wa mlango, zikabaki zimesimama humo. Alipozivuta zilitoka na unga mwekundu uliolowa. Akachuchumaa, akabonyeza kwa kidole gumba, na rangi ikabonyea kama utandu wa maziwa yaliyopoa.

"Baba," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Usimwite mama."

Mzee Nallathamby alitoka na mswaki mdomoni. Alikuwa mkulima wa vitunguu, mtu wa maneno machache, na maneno hayo machache yalipungua zaidi alipoona kidole cha binti yake kimeingia ukutani hadi kifundo cha kwanza.

"Jumapili wanakuja," alisema.

"Ndiyo maana nikakuita."

Waliokuwa wanakuja Jumapili ni watu wa Kirupa, fundi wa pikipiki wa barabara kuu, na hawakuwa wanakuja kumtazama Tharshika. Huyo walikwisha kumtazama. Walikuwa wanakuja kuitazama nyumba. Kwetu Uppumunai nyumba huenda na binti: mvulana huleta kamba ya ndoa ya kumfunga shingoni, binti huleta paa la kulala chini yake. Binti asiye na nyumba atasubiri mpaka meno yamtoke. Tharshika alikuwa na miaka ishirini na tisa, na nyota zake, ili zilinganishwe na za wachumba, zilikuwa zimepelekwa na kurudishwa mara nyingi hata Yogamma, jirani yao mwenye kuuliza kila kitu, alikuwa ameacha kuuliza. Safari hii nyota zilikubaliana, na Kirupa mwenyewe alisema anamtaka. Ilibaki nyumba tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile arobaini tulizopewa baada ya vita. Vyuma vyembamba vilivyokunjwa, vikaungwa kwa skrubu, vikavikwa vibao vya saruji ndani na nje. Ilisimamishwa kwa wiki moja tu, tukashangaa. Siku ya kukabidhiwa funguo walitusimamisha juani wakatueleza kwamba nyumba ya namna hii inadumu, lakini inataka kutunzwa: tusiegemeze udongo ukutani, tusimwage maji chini ya kuta, kila mwaka tuioshe kwa maji matamu ili chumvi ya bahari itoke, na kutu ikionekana ikwanguliwe na kupakwa rangi siku hiyo hiyo. Tulipiga makofi, tukala biskuti zao. Mwezi uliofuata kila mmoja akaanza kuifanya iwe nyumba. Waliotujengea walikijua chuma barabara. Sisi hawakutujua hata kidogo. Nyumba isiyo na baraza ya udongo mbele yake, kwetu sisi, ni banda la kuwekea mbolea.

Ila Nallathamby alikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Kijana wao Yasotharan alipandishwa na askari kwenye basi siku za mwisho za vita, pamoja na vijana wengine waliotengwa pale kwenye kivuko cha wangwa, na tangu hapo hajaonekana hai wala maiti. Katika nyumba yao ya zamani alikuwa akilala barazani, upande wa kulia wa mlango, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya kukoroma kwa baba yake. Nyumba hiyo mizinga iliimaliza. Usiku wa kwanza katika nyumba ya chuma, mama yake, Paramesvari, alikaa macho akauliza, "Nyumba arobaini, rangi moja, paa moja. Akirudi atajuaje ya kwetu?" Asubuhi Nallathamby alichukua jembe akaenda kuchimba udongo. Aliuchimba ukingoni mwa wangwa kwa kuwa ndipo karibu, na udongo wa pale umejaa chumvi.

Baraza ilitoka nzuri, pana, yenye kituta cha mto wa kichwa. Hakuna mwingine aliyekuwa na kama hiyo. Kila Ijumaa kabla ya jua kutoka Paramesvari aliisiriba kwa samadi ya ng'ombe na maji, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, akimaliza anamwaga maji yaliyobaki ndoo nzima ili ing'ae. Miaka zaidi ya kumi. Maji yote hayo yalikuwa yakiteremka polepole kwenye unyayo wa ukuta.

Nallathamby aliingia jikoni, akarudi na kipande cha sabuni ya mche. Akakiponda kwa viganja, akajaza nacho tundu, akasawazisha kwa kisu, kisha akapaka juu yake rangi iliyokuwa imebaki tangu mwaka juzi.

"Baba, hii itakaa?"

"Ikae mpaka Jumapili jioni tu. Wakishaondoka nitaitengeneza."

"Utaitengenezaje?"

Mzee aliinama zaidi. Alikuwa akipuliza rangi ikauke.

*

Walikuja watatu: Kirupa, mama yake Pushpamalar, na mjomba wake Thevarasa, mtengeneza mageti, mtu mnene mwenye kikoi cheupe kilichopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Kimila ni mjomba anayesema ndiyo au hapana. Paramesvari alikuwa ameamka mapema kuchora nakshi za unga wa mchele mlangoni, na amepika vadai, zile bajia za dengu, na uji mtamu wa tambi. Alikuwa amevaa sari yake ya hekaluni. Hakujua lolote kuhusu sabuni.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema. "Viti vipo."

"Ndani tutaingia, shemeji, wacha kwanza nipunge upepo," alisema Thevarasa, akaketi barazani. Aliketi upande wa kulia.

Paramesvari alisimama na sinia mkononi. "Hapo hapana, kaka. Samahani. Kaa upande huu."

"Hapa pana nini? Pamewekewa waziri?"

Kirupa alitazama chini. Nallathamby alikohoa. "Ni pa kijana wetu," alisema.

Thevarasa alikuwa na mdomo mwepesi lakini hakuwa na roho mbaya. Kila mtu anajua habari za basi lile. Naye alikuwa na binamu aliyepanda basi kama hilo. "Nisamehe, shemeji," alisema kwa upole, akaweka mkono ukutani ajiinue, kwani tumbo lilikuwa zito. Ukuta ukaingia ndani.

Haukuanguka. Ulirudi tu nyuma kidogo, ukatoa mlio wa kibati kinachokunjwa, kisha ukakaa. Thevarasa aliuangalia mkono wake. Halafu aliangalia chini, na uso wake ukawa ni uso wa fundi, si wa mgeni.

"Kirupa, nipe bisibisi yako."

"Mjomba, twende ndani kwanza tunywe chai."

"Nipe bisibisi, mwanangu."

Aliipeleka pale pale rangi mpya ilipong'aa kuliko ya zamani. Bisibisi iliingia yote mpaka kwenye mpini. Alipoitoa ilikuwa imebeba kitu cheupe cha kunata. Akakinusa.

"Sabuni," alisema.

 Tharshika alikuwa mlangoni na vikombe vya chai.

"Mzee wangu," Thevarasa aliendelea, sasa kwa masikitiko hasa, "nyumba mmeiogesha mpaka ndani ya mifupa?"

"Ilikuwa... ni ya muda tu," alisema Nallathamby.

"Sabuni!" Pushpamalar alipata sauti yake. "Mtoto wangu wa pekee aje alale chini ya ukuta wa sabuni! Kumbe ndiyo maana walituhimiza tuje mapema mapema, jua halijapiga! Dada, ungetuambia tu. Watu wazima tunaambiana. Ungesema, nyumba imeoza, tuleteeni kijana hivyo hivyo."

"Mama," alisema Kirupa.

"Wewe nyamaza. Umeshapenda, huna macho."

Paramesvari alikuwa bado na sinia. Alimtazama mumewe, akamtazama binti yake, akaelewa kwamba wawili hao walikuwa wakijua. Aibu ya sabuni aliiona baadaye. Kwanza aliona aibu ya kuwa yeye peke yake ndiye aliyefichwa, kama mgonjwa. "Chai inapoa," alisema. Pushpamalar aliondoka bila kuigusa.

Thevarasa alibaki nyuma. Alimshika Nallathamby bega, wakasimama langoni kwenye kivuli cha mti wa mvumo.

"Sikutangazii ubaya, mzee. Nakwambia nilichokiona. Ule mkanda wa chuma unaolala chini, unaoshika nguzo zote, upande wa mbele umekwisha. Baraza imeulisha maji na chumvi miaka yote hiyo. Itoke yote. Mimi nitakata vyuma vilivyooza, niunge vipya, nimwage zege jembamba chini. Chuma mtanunua nyinyi, mkono wangu bure, maana kijana kampenda binti na mimi sipendi kuona kitu kinaharibika."

"Na tukipunguza baraza? Tukaacha upande mmoja?"

"Upande upi? Huo wa kulia ndio ulioanza." Alisita. "Ikibaki hata kipande, nikiweka chuma cha meli kitaoza vile vile. Na dada yangu hatakubali. Nitamtuliza, lakini si kwa hilo."

*

Paramesvari alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Nallathamby alipoingia alimkuta amekaa sakafuni, anavua bangili zake moja moja.

"Za kununulia chuma hizi hapa," alisema. "Atengeneze kwa ndani. Akate ukuta kwa ndani. Baraza haitoki."

"Amesema haiwezekani."

"Basi harusi haiwezekani."

"Paramesvari."

"Uliijenga wewe! Mimi niliuliza swali tu usiku, wewe ndiye uliyebeba udongo kichwani ukaacha vitunguu vyako vinaoza shambani. Ulikuwa unajenga nini? Choo?"

Nallathamby alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ametunza jambo hili miaka mingi na hakuwa amekusudia kulisema, lakini siku ile ilimchosha. "Ulikuwa hulali," alisema. "Nilijenga upate kulala."

Paramesvari aliacha kuvua bangili.

"Kumbe wewe hukuamini kwamba atarudi," alisema. "Hata siku moja."

Mzee hakukataa. Alizichukua bangili, akazisukuma taratibu zirudi upande wa mkewe. Huko nje redio ya Yogamma ilikuwa inapiga nyimbo za harusi, kwa bahati mbaya tu.

Tharshika alitoka jikoni akakaa mbele ya mama yake. Alikuwa hajalia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kwa moshi wa kuni.

"Mama, mimi nipo."

"Najua upo. Nani kasema haupo?"

"Kila Ijumaa unaamka gizani unamtandikia kaka kitanda cha samadi. Mimi nakuchotea maji. Nimekuchotea tangu niko shule. Sijawahi kukwambia nimechoka, nimewahi?"

"Hujawahi."

"Yaso ni kaka yangu pia. Alinibeba mgongoni siku zile zote tulipokuwa tunakimbia, nilikuwa mkubwa lakini alinibeba. Sijasahau. Ila Kirupa ndiye wa kwanza aliyesema ananitaka mimi. Siyo nyumba. Mimi."

"Atakuja mwingine, mwanangu. Wanaume hawaishi duniani."

"Sawa," alisema Tharshika.

Paramesvari alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Neno hilo moja lilimkosesha pa kushika. Binti aliinuka, akaenda kuosha vikombe ambavyo havikunywewa, akaviosha vyote.

Kijiji kilisema yake. Kisimani walisema Paramesvari ameroga nyota za mwanawe mwenyewe. Wengine walisema Pushpamalar ana maringo, kwani mume wake mwenyewe alimkuta kwenye kibanda cha makuti. Yogamma alikuja na bakuli la pittu, unga wa mchele na nazi uliopikwa kwa mvuke, akakaa, akasema, "Mwenzangu, mimi wangu nilimzika, nashukuru nilimzika. Lakini wewe unazika huyu aliye hai." Paramesvari alimrudishia bakuli na pittu yake ndani.

Siku ya Alhamisi jioni Tharshika alipiga simu, amesimama nyuma ya jiko.

"Mwambie mjomba asije," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza Kirupa.

"Mama hawezi."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Nyumbani wameanza kuulizia binti wa kule mjini," alisema Kirupa. "Nimewaambia wangoje. Niwaambie nini sasa?"

"Waambie wasingoje."

Hakuna aliyekata simu; wakabaki wanasikilizana hivyo mpaka salio likaisha.

*

Ijumaa Paramesvari aliamka, akaona ndoo haipo mahali pake. Akatoka nje. Kulikuwa kunapambazuka, na Tharshika alikuwa amepiga magoti mbele ya baraza, sari amekunja mapajani, anasiriba. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda nusu duara, nusu duara, kila moja ikilala juu ya mwenzake, vile vile Paramesvari alivyomfundisha. Alikuwa ameanza kushoto na anaelekea kulia. Kwa nyuma alionekana mtu mzima. Paramesvari hakuwa amewahi kumwona binti yake kwa nyuma namna ile, na kwa muda mfupi alidhani anajiangalia mwenyewe.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Magoti yako yanakuuma. Kuanzia leo nitasiriba mimi."

"Na Kirupa?"

"Nimemwambia wasingoje."

Alisema bila kugeuka, akachovya mkono, akaendelea. Maji yalipita juu ya baraza, yakafika ukutani, yakatoweka. Kulikuwa na utulivu hata Paramesvari akayasikia yakichuruzika ndani ya ukuta, yakitafuta njia kwenda chini. Alikuwa ameyasikia miaka yote akidhani ni panya.

"Ondoka hapo," alisema.

"Bado upande wa kaka."

"Ondoka, Tharshika. Nakwambia ondoka!"

Alikwenda kwenye kibanda cha vitunguu, akarudi na jembe. Alianzia kushoto. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, tabaka juu ya tabaka, na mapigo ya kwanza hayakung'oa kitu. Yaliyofuata yalimenya mapande makubwa yenye unyevunyevu. Nallathamby alitoka amevaa kikoi, akasimama, akaleta karai akaanza kubeba. Hakuthubutu kumwomba jembe. Yogamma alikuja mbio na jembe lake, akaambiwa, "Rudi kwako. Hii ni ya kwetu."

Alipofika upande wa kulia aliliweka jembe chini. Sehemu ile aliitoa kwa mikono. Alianza na kile kituta cha kichwa, akakikumbatia kifuani kwanza, udongo na samadi mbichi vikichafua blauzi yake, ndipo akakitia karaini. Kisha akalia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, akimwita kwa jina lake la utotoni, na wanawake wa nyumba za jirani, waliokuwa wamesimama mbali, wakasogea wakakaa chini kumzunguka, maana kilio cha namna hiyo hakiachwi kiwe cha mtu mmoja. Miaka yote ile hapakuwa na matanga katika nyumba hiyo. Yalikaliwa asubuhi hiyo, bila maiti na bila mtu kuyatangaza.

Nallathamby alikuwa ameingia ndani kutafuta gunia. Akiwa humo, ukuta wa mbele ulishuka. Ulishuka upana wa kidole tu, ukapiga kelele, na mlango ukakwama kwenye fremu yake ukawa haufunguki. Ilibidi mzee apite dirishani, mguu mmoja nje na mwingine ndani, akiomba ashikwe. Mmoja wa wanawake alicheka na machozi yake usoni, akajiziba mdomo.

Tharshika hakupiga simu. Ni Yogamma aliyepiga, na hakuomba ruhusa ya mtu. Kabla jua halijawa kali Kirupa alifika na pikipiki, mjomba wake amekaa nyuma na jeki ya gari mapajani. Thevarasa alilala kifudifudi mavumbini na kikoi chake cheupe, akatazama chini ya ukuta kwa tochi. Mahali pa mkanda wa chuma palikuwa na magamba mekundu, na nguzo zilikuwa zimekatika miguu, zinaning'inia.

"Aisee," alisema. "Chuma hakikuwapo siku nyingi. Baraza ndiyo iliyokuwa imeibeba nyumba."

Alijutia kusema, kwa sababu Paramesvari alikuwa amesimama juu yake.  Mama huyo alimletea maji ya kunywa, na mto wa kuegemeza kiwiko.

*

Kazi ilikwenda vizuri. Waliegemeza ukuta kwa magogo ya mivumo, wakaunyanyua kwa jeki, wakakata vyuma vilivyooza, wakaunga vipya. Bangili mbili zilikwenda huko. Thevarasa alipaka chuma chote rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, mara mbili, akamwaga zege, akaacha shubiri moja wazi kati ya ardhi na vibao. Kisha akamwita Nallathamby na Tharshika akawaeleza upya yale yale tuliyoelezwa siku ya biskuti: maji matamu kila mwaka, rangi kila kutu ikionekana, udongo mbali. Tharshika alikuwa akiitikia kila neno. Kirupa alikuwa akimwangalia Tharshika.

Pushpamalar alikuja kuona, akapita mbele ya ukuta, akaupiga kwa kifundo cha kidole hapa na pale kama mnunuzi wa tikiti. Mwishowe alikunywa chai. Harusi ikawekwa mwezi uleule.

Nyumba ilikuwa safi sasa, nyoofu, na mbele yake hapakuwa na kitu. Siku moja kabla ya harusi ilitumwa migomba miwili yenye mikungu, ile ya kusimamisha mlangoni. Mwenye mkokoteni aliijua nyumba ya Nallathamby tangu zamani. Aliipita. Alikwenda mpaka nyumba ya nne, akashusha migomba yote akaanza kuifunga kwenye mlango wa watu, mpaka walipomfukuza. Alirudi akicheka.

"Mama, nyumba zenu zote ni moja bwana! Ningemwozesha bibi kizee wa kule!"

Sote tulicheka. Hata Nallathamby alicheka. Paramesvari alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia barabara, upande ule mkokoteni ulikotoka, kisha upande ule ulikokuwa umepotelea.

Alichukua mkoba akaenda dukani. Aliporudi alikuwa na pakiti ya piko, rangi nyeusi ya nywele. Yogamma aliiona, na Yogamma akiona, kijiji kimeona.

"Haya sasa! Mama anataka kumshinda bibi harusi!" alisema. "Mzee Nallathamby, funga mlango, mkeo atachukuliwa!"

Tharshika alifurahi. Mikono yake ilikuwa imechorwa hina tayari, lakini alisema atampaka yeye mwenyewe, hina imekauka. Aliweka kiti cha plastiki pale palipokuwa na baraza, shubiri moja na zaidi kutoka ukutani, akamkalisha mama yake, akamfunga taulo kuukuu shingoni. Akaikoroga piko bakulini, akatumia mswaki wa zamani. Nywele za Paramesvari zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe karibu zote, na wepesi wake ulimshtua binti.

"Nipake zote," alisema Paramesvari. "Usiache hata unywele mmoja mweupe."

"Utapendeza kwenye picha, mama."

"Achana na picha. Nyusi pia. Siku ile alipofika juu kwenye ngazi ya basi aligeuka akanitafuta. Watu walikuwa wengi, lakini aliniona. Nywele zangu zilikuwa nyeusi tii." Alikaza taulo shingoni. "Nyumba hataijua tena. Basi mimi anijue. Nitakuwa nakaa hapa jioni, kwenye kiti, barabara naiona yote."

Mswaki ulisimama. Tone moja jeusi lilidondoka kwenye zege jipya, Tharshika akalifuta kwa kisigino. Alitaka kusema kwamba si nywele tu, kwamba na uso nao, na meno mawili ya mbele, na mabega. Aliutazama uso wa mama yake kwa juu, ukiwa umeinuliwa na macho yamefumbwa piko isiingie, na hakuweza.

"Haikai sana hii," alisema. "Mwezi tu, mizizi inatoka myeupe."

"Utanipaka tena."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Si utakuwa hapa hapa?"

"Nitakuwa hapa hapa."

Akatenganisha nywele kwa kidole, akaanzia kwenye kipaji.

"Inamisha kichwa, mama," alisema. "Nifike nyuma."